Kozi Moja, Tipu kwa Kaka

Mxiuu! Hivi nyie mnaopiga soga pale Mbuyuni, Moshi, mmewaza kabla ya kusema? Eti mabinti wanajitakia: wanakimbilia ualimu na ustawi wa jamii, wavulana wanabeba uhandisi, kwa hiyo wasilie mshahara mdogo.

Haya, nani alichagua? Fizikia na kemia binti anaziacha akiingia kidato cha tatu. Yuko shule ya kata isiyo na maabara, na akifika nyumbani Kibosho kuna majani ya ng'ombe ya kukata, maji ya kuchota, na mdogo wa kubeba mgongoni. Kaka mtu kashika daftari. Hapo PCM (fizikia, kemia, hisabati) imeshakufa, kabaki na HGL (historia, jiografia, Kiingereza), na chuo bado kiko miaka minne mbele. Ufadhili wa Samia ulioanza 2022 kwa waliofaulu vizuri sayansi kidato cha sita ni jambo jema, naupongeza. Ila unamkuta binti aliyekwisha kuvuka vikwazo hivyo.

Tuseme basi binti na mvulana wamesoma kozi ileile. Serikalini, kweli, daktari wa kike na wa kiume wanaanza ngazi moja ya mshahara. Lakini angalieni hapa hapa mjini, kwenye utalii. Cheti kimoja, darasa moja. Wa kiume anapelekwa Mlima Kilimanjaro, geti la Machame, anaanza kama mpagazi, anapanda hadi kuongoza wageni, tipu anahesabu kwa dola. Wa kike anawekwa mapokezi hotelini asubiri mwisho wa mwezi. Ukiuliza, unaambiwa, "Sasa dada huyu atalala wapi kule kambi ya Barafu?" Kwenye hema, jamani! Kama wageni wa kike wanavyolala!

Claudia Goldin, mchumi wa Harvard aliyepewa Nobel 2023, alionyesha kuwa hata Marekani sehemu kubwa ya pengo la kipato kati ya wanawake na wanaume siku hizi imo ndani ya kazi ileile, na linapanuka mtoto wa kwanza akizaliwa. Bibi zetu wa Uru wasingeshangaa. Kahawa na migomba vilisimama kwenye kihamba kimoja, shamba la nyumbani, jembe la mama lilipita kote, ila hela ya kahawa ilishikwa na baba.

Kwa hiyo wewe mwenye kampuni ya kupandisha wageni, msimu huu mtoe binti kaunta, mpe zamu ya mlima. Na wewe mzee wa Kibosho, majani ya jioni akate kaka mtu.