Boksa 947,829: Jinsi ya Kutabiri Faida Ukiwa Garsen

Umeamua kufungua kampuni ya jezi na nguo za ndani hapa Garsen. Hongera, ndugu yangu. Usihangaike na cherehani, zitakuja, zikija. Unachohitaji leo ni waraka wa matarajio ya uwekezaji, kurasa kumi na mbili hivi, na jaladani picha ya kijana anayekimbia jua likitua.

Hatua ya 1: Hesabu viuno
Sensa ya 2019 ilikuta watu 315,943 katika kaunti nzima ya Tana River. Kila mmoja mpe boksa tatu kwa mwaka: 947,829. Usijaribiwe kusema milioni. Ile tisa ya mwisho ndiyo inayomwaminisha mwekezaji kwamba kuna mtu alikesha na kikokotoo. Wanawake wamo humo, watoto wa mgongoni wamo, na mzee wa kikoi ambaye tangu ujana hajaona haja ya kitu kingine ndani, naye mpe tatu zake. Hataulizwa.

Hatua ya 2: Fanya utafiti, mara moja tu
Simama karibu na kibanda cha mitumba saa kumi jioni, jua likianza kuwa na huruma. Utamwona kijana akichagua jezi ya Arsenal. Anaivaa juu ya shati, anageuka, anawauliza wenzake. Sasa mtazame akifika kwenye boksa. Anaangaza kushoto na kulia. Anauvuta mpira wa kiunoni mara mbili, anaificha ile boksa katikati ya fulana mbili, kisha anaanza kuvutana na mama muuzaji juu ya bei ya fulana.

“Na hiyo ya ndani hamsini, mwanangu!” anasema mama, kwa sauti ya kusikika hadi stendi.

Kijana anakumbuka kwamba ana haraka.

Hapo umeshajua biashara yote. Jezi hununuliwa kwa ajili ya macho ya watu, na boksa hukimbiwa kwa sababu ya macho hayohayo. Calvin Klein alilipatia dawa jambo hili New York mwaka 1982: jina liandikwe kwenye mpira wa kiunoni, pale panapochungulia suruali ikishuka. Fanya hivyo. Kitambaa hakuna atakayekiona.

Hatua ya 3: Jisifu kwa pamba
Hapa una bahati. Mradi wa umwagiliaji wa Hola ulilima pamba, na wa Bura, uliopokea walowezi wake wa kwanza mwaka 1981, uliegemezwa kwenye zao hilohilo. Andika: “Malighafi ipo ndani ya kaunti.” Weka nukta. Usiendelee kusema kwamba mwaka 1989 Mto Tana ulihama njia ukaziacha pampu za Hola zikitazama mchanga. Wala usiguse habari kwamba kati ya shamba la Bura na boksa kuna kuchambua pamba, kusokota nyuzi, kufuma na kutia rangi, na kwamba ule mpira wa kiunoni haulimwi katika kaunti hii.

Akitokea mjuzi akakukumbusha jinsi El Niño ya 1997 na 1998 ilivyobomoa mradi wa mpunga wa mamlaka ya TARDA huku deltani, tikisa kichwa kwa huzuni na umwongeze chai. Kuna mshauri mwenzangu hushauri mafuriko yaandikwe kama “fursa”, eti watu hununua nguo mpya zile za zamani zikichukuliwa na maji. Mimi hapo nimekataa. Tunadanganya, lakini tuna majirani.

Hatua ya 4: Washindani wataje nusu
Mshindani wako ni mitumba. Marais wa Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 2016 kwamba mitumba iondolewe ifikapo 2019. Nakili sentensi hiyo kwa herufi nzito. Nusu ya pili, kwamba mwaka 2017 Kenya ilijitoa isije ikaukosa mlango wa soko la Marekani chini ya sheria ya AGOA, iache kwa wanahistoria. Bale za mitumba zinaendelea kufunguliwa: kamera, zile safi, zinagombewa kwanza, fagia zinabaki chini kabisa. Na hata fagia ni rahisi kuliko boksa yako.

Hatua ya 5: Chora mstari wa faida
Uwe unapanda.

Mwaka wa kwanza weka hasara kidogo, unyenyekevu hupendeza. Neno “hisa” usilitamke hadharani, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ina masikio. Sema “uanachama”, na uwe na daftari la risiti.

Hatua ya 6: Mtafute mteja wa kweli
Huyu hayumo katika wale 315,943 wa sensa. Yeye ana bango. Mwanasiasa hununua jezi kwa seti, na mpira, na kikombe, na uchaguzi ni Agosti 2027. Rangi ataichagua yeye, na picha itakayokaa kifuani unaijua. Chukua malipo ya awali, yote ukiweza, kwa sababu akishindwa hutampata kwa simu, na akishinda ndiyo kabisa.

Kwa hiyo panda basi la alfajiri hadi Mombasa, nunua seti mbili pale soko la Kongowea, bandika nembo yako, rudi upige picha na timu. Wanachama wakiuliza boksa zao, waambie zipo njiani. Lori limekwama Minjila.