Namna ya Kumfunda Mratibu Mpya wa Utafiti Asipande Basi la Kurudi Songea

Ameshuka stendi ya Mbinga, mkoani Ruvuma, na begi la magurudumu, viatu vyeupe na cheti cha mafunzo ya utafiti wa kitabibu (GCP) ambacho wino haujakauka. Usimcheke. Huyu ndiye atakayegonga mlango wa mama mwenye mtoto mgonjwa na kumwomba aingie kwenye majaribio ya dawa. Mfunde kama kungwi anavyomfunda mwali.

Wiki ya kwanza mnyang'anye kompyuta. Itifaki ataisoma usiku. Mchana abebe sanduku la baridi na kumfuata muuguzi mzoefu. Mwonye mapema kwamba barafu iliyodumu katika ubaridi wa Mbinga itamsaliti akiteremka Mbamba Bay kwenye joto la ziwani, na kwamba sampuli inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 haijui kuwa gari lilipata pancha. Kipimajoto akisome kila kituo, aandike palepale.

Sasa ridhaa, na hapa usiwe na haraka. Aanze na shikamoo, aulize watoto, aulize kahawa kama ni kwa Wamatengo, aulize ziwa kama ni Liuli. Fomu ibaki ndani ya mkoba kwanza. Bibi atauliza, "Mwanangu, damu yetu mnaipeleka wapi?" Mratibu asiyefundwa atajibu "maabara" na kufungua kalamu. Wako atoe mrija mtupu, amimine ndani yake maji ya kijiko kimoja cha chai, mililita 5, amwachie bibi aushike. Aseme ni maabara ipi, damu itapimwa nini, itatunzwa muda gani. Aseme pia kwamba bibi akikataa, mjukuu atatibiwa zahanati vilevile. Kisha anyamaze. Kunyamaza huku ndiko kugumu kuliko vyote, na wengi huharibu kwa kuongeza maneno.

Asiyejua kusoma ataweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mtu wa utafiti. Shahidi huyo awepo tangu salamu. Kumwita mwishoni kutoka chini ya mwembe ili asaini ni udanganyifu, hata kama kila mtu anatabasamu.

Ratiba nayo ina mambo yake. Itifaki itasema mshiriki aonwe siku ya 28, lakini mvuvi wa usipa anashinda usiku ziwani na taa zake, na mchana amelala. Mfundishe mwali wako kutazama mwezi: ukiwa mpevu, taa hazivuti samaki na wavuvi wako nyumbani. Msimu wa kuvuna kahawa, amtafute mshiriki shambani.

Makaratasi hayachukui muda kuyafundisha. Kosa likatwe kwa mstari mmoja unaosomeka, herufi za jina na tarehe pembeni. Anayepaka wino mweupe anywe chai bila sukari wiki nzima. Mshiriki akilazwa, simu ipigwe siku hiyohiyo, hata ikiwa Jumapili na mtandao unapatikana juu ya jiwe moja tu. Na sindano ya kwanza isitoke kwenye pakiti kabla kibali cha maadili cha taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa (NIMR) na kibali cha mamlaka ya dawa (TMDA) havijafika.

Akichoka, msimulie Bagamoyo na Korogwe. Huko, kati ya mwaka 2009 na 2014, watoto walishiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyohusu watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Nyuma ya idadi hiyo kuna wazazi walioelezwa, wakauliza, wakaelezwa tena, na waratibu waliorudi nyumba kwa nyumba. Ruvuma, ambako malaria bado inawalaza watoto wetu, inastahili waratibu wa aina hiyo.

Utajua amefundika siku atakapokurudishia fomu wewe bosi wake kwa sababu hukuandika saa. Mwandike kwenye daftari la majukumu, umkabidhi ufunguo wa kabati la dawa, na mchana huo umnunulie ugali na usipa wa kutosha.