Mama Alinifuma Nikifumua

Kosa langu lilianzia mdomoni. Familia ilikuwa inagawana majukumu ya kumpokea mtoto wa kaka yangu: huyu beseni, yule kanga, mwingine nepi. Zamu yangu ilipofika nikajisikia nasema, "Shangazi mtu atafuma sweta." Wifi akapiga vigelegele. Mama akaniangalia tu, kama anavyowaangalia watu wanaoapa kuacha sukari.

Lakini nilikuwa na sababu ya kujiamini. Nimekulia Njombe, ambako Juni na Julai unaweza kuamka ukakuta nyasi nyeupe kwa sakitu, na kufuma tulijifunza mapema. Sindano zetu zilikuwa spoki za baiskeli zilizonolewa juu ya jiwe. Uzi tulipata kwa kufumua sweta la mtumba lililotoboka viwiko: unaachanisha ubavuni, unatafuta ncha, unavuta. Ulitoka umejikunja kama tambi, tukaulowesha na kuuanika umefungiwa jiwe mpaka unyooke. Kazi yangu mimi ilikuwa kunyoosha mikono mbele kama mlinda mlango, Mama akiuzungushia hapo. Nikijaribu kujikuna pua, nakula kofi.

Hiyo ni miaka 24 iliyopita. Safari hii nilinunua sindano za kweli, milimita 4, na madonge matano ya uzi wa rangi ya maziwa. Vidole, niseme haki, havikusahau kitu; vilianzisha mishono vyenyewe kabla sijakaa sawasawa. Kilichosahau ni kichwa. Nilianza na mishono 55; kufika mstari wa kumi nikahesabu 58. Ile mitatu ilitoka wapi? Haikuja hata na barua ya utambulisho. Nikaipunguza kimyakimya. Mstari uliofuata ikabaki 53.

Tena mfumaji mwenye akili huanza na kipande cha majaribio, akapima sentimita 10 na kuhesabu mishono iliyomo. Maelekezo yalitaka 22. Mimi nikaona mambo ya majaribio ni ya wanagenzi. Nilipokuja kupima, sweta limeshafika kwapani, nikakuta 18. Mkono ulikuwa umelegea. Mishono yangu 55 iliyotakiwa kutoa upana wa sentimita 25 ilikuwa imetoa zaidi ya 30. Mtoto angezaliwa akute sweta linamsubiri chekechea.

Nikajipa moyo: watoto hukua. Nikaendelea kufuma popote, hata kwenye kosta ya kwenda Makambako. Huko ndiko donge lilikoniponyoka. Lilipita chini ya kiti cha mbele, likazunguka mguu wa mzee mmoja, likasalimia kreti ya vifaranga, likaishia mlangoni. Nikainama kulitafuta huku naomba radhi kwa magoti ya watu. Konda akapaza sauti, "Mama, hebu kunja antena yako!" Gari zima likacheka.

Kabla sijalifikia, kijana mmoja akashuka kituoni. Uzi ulikuwa umemnasa kwenye ukanda wa kandambili zake, naye alikuwa na haraka. Nikaona mstari wa kwanza unaondoka sindanoni. Wa pili ukaufuata. "Kaka! Kaka! Unaondoka na sweta!" Alisimama, akajipapasa mwilini, akajibu kwa upole, "Mbona sijavaa sweta, mama?" Wakati tunaelewana, alikuwa ameshaondoka na kwapa lote.

Usiku ule, nyumba ilipotulia, nilikaa jikoni karibu na jiko la mkaa nikachomoa sindano. Nikavuta ncha. Mishono ikaanza kuachia mmoja mmoja, trrr, trrr, sauti ileile ya sweta za mitumba. Sikugeuka mpaka niliposikia mtu anakohoa mlangoni.

Mama alinifuma nikifumua. Ningekuwa mwalimu wa Kiswahili ningewapa wanafunzi sentensi hiyo waichambue. Mimi nilikuwa naiishi.

Akachukua kilichobaki, akakinyoosha mbele ya taa. "Hili ni la mtoto au la dereva?"

"La mtoto, Mama."

"Mm." Akageuza upande wa pili, akahesabu mishono kwa ukucha, midomo ikichezacheza. Nikasubiri hotuba. Badala yake akavuta kigoda, akaketi mbele yangu, akanyoosha mikono yake miwili kama mlinda mlango. "Haya, zungusha. Kesho unaanza na kipande cha kupimia."

Nikazungusha. Uzi ulikuwa umejikunja kama tambi, nami nikawa nauvuta taratibu usikaze kwenye viganja vyake vyembamba. Hatukuongea. Tulipofika kama katikati, nikamwona anakunja uso, anafinya jicho moja, anapandisha mdomo wa juu. Pua ilikuwa inamwasha. Mikono ikatikisika kidogo, halafu ikatulia. Sheria ni yake mwenyewe, angeivunjaje?

Nikaweka donge chini nikamkuna.