Pongezi kwa Kulilinda Taifa dhidi ya Mashemeji

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kukupongeza wewe na watangulizi wako kwa kuitunza Sheria ya Uraia ya 1995, hasa kifungu cha 11. Kwa wasioisoma: mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume mgeni aliyemuoa Mtanzania hana kifungu chake. Huyo akapange foleni ya kawaida, pamoja na mwekezaji wa saruji na yeyote aliyeipenda tu hali ya hewa ya Arusha.

Mwaka wenyewe ulichaguliwa kwa ustadi. 1995 ndio mwaka Mama Gertrude Mongella alipokuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake kule Beijing, tukatembea vifua mbele. Miaka kumi kabla ya hapo tulikuwa tumeshauridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaopinga ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao ibara yake ya 9 inaugusa uraia waziwazi. Wengine wangeona haya.

Sasa tuseme kuna seremala wa Karonga, Malawi, aliyevuka Mto Songwe akaoa mwalimu wa shule ya msingi Kyela. Watoto wao ni Watanzania, maana mama yao ni raia. Hapo sheria haina ubishi. Baba ndiye mgeni ndani ya nyumba aliyoiezeka mwenyewe. Kibali chake cha ukaazi kikikaribia kuisha, mwalimu huahirisha sare za watoto.

Akitaka uraia, awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi humu jumla ya miaka saba. Awe na tabia njema. Ajue Kiswahili au Kiingereza (Mwingereza, basi, huteremka uwanja wa ndege akiwa ameshafaulu). Halafu lile sharti ninalolipenda: mchango wake, uliopo na unaotarajiwa, katika uchumi, sayansi na teknolojia, na ustawi wa jamii na utamaduni.

Hapo seremala wetu anababaika. Yeye hutengeneza madawati. Huchonga ncha ya ubao mpaka iingie sawasawa kwenye tundu la mwenzake, akapaka gundi, akabana mpaka kesho yake, bila msumari hata mmoja. Sasa hiyo aiandike kwenye sayansi au kwenye utamaduni? Dada wa Lusaka aliyeolewa Tukuyu hakutakiwa kuvumbua chochote.

Nasikia hofu ni ndoa za karatasi, kwamba mgeni atamlaghai binti yetu apate uraia. Hofu ya busara. Kijana wa Kitanzania, kama tujuavyo, hajawahi kulaghaiwa na mwanamke.

Kisha seremala atangaze gazetini, mwenye sababu ya kumpinga ajitokeze, kama yale matangazo ya ndoa kanisani. Ya kanisani alishayapita, na hata wajomba wa mwalimu, watu wagumu kweli, hawakusema neno. Mwisho faili linafika kwako. Ukikataa, sheria haikulazimishi kutoa sababu, wala haitoi nafasi ya kukata rufaa mahakamani. Mheshimiwa, hata baba mkwe hana madaraka hayo. Akikataa posa, wazee humkalisha akaeleza.

Wapo watakaokuambia kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mwenzi wa raia haki ya kuomba uraia baada ya miaka saba ya ndoa, awe mume au mke. Usiwasikilize. Wakenya wana haraka.

Ombi langu ni dogo. Wakati marekebisho yakiendelea kutafakariwa, wizara itoe mwongozo: posa ya mgeni isipokelewe mpaka mshenga aambatanishe, pamoja na barua na fedha ya kishika uchumba, uthibitisho wa mchango wa mposaji katika sayansi na teknolojia. Na mshenga aelezwe mapema kwamba rufaa haipo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Dada wa bibi harusi

Nakala: Washenga wote, wilaya za mpakani.