Ada ya Kitambi

Wanauchumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, waliwahi kuchambua kumbukumbu za mahudhurio za vilabu vya mazoezi kule Marekani. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2006. Walikuta watu waliolipa ada ya mwezi, zaidi ya dola 70, wanakwenda wastani wa mara 4.3 tu kwa mwezi. Kila safari ikawa inawagharimu zaidi ya dola 17, na palepale kulikuwa na pasi ya safari kumi, dola 10 kwa safari. Kwangu hiyo haikuwa habari. Jimu ya mtaani kwetu Sinza inaishi kwa fedha za watu wa aina hiyo, na kitambi changu ni miongoni mwa wafadhili wake wakuu.

Mambo huanza Januari. Desemba yote umekula pilau ya kila ndugu, sasa suruali inagoma kufunga. Mtu huyohuyo anayedaiwa ada ya shule na kodi ya nyumba anatoa pesa ya miezi mitatu taslimu, bila hata kuomba apunguziwe, kisha anapitia soko la Karume kuchagua raba za mtumba. Wiki ya kwanza foleni ya mashine utadhani kituo cha mwendokasi asubuhi. Nenda Februari: utamkuta kocha na feni.

Kocha wetu ni kijana mwenye heshima zake. "Shikamoo mzee wangu! Leo tunaanza na miguu." Miguu maana yake ni skwati, chini juu, chini juu, huku akihesabu na kusahau alipofikia, na akisahau anaanza upya. Jioni nilirudi nyumbani kifua mbele, nikamtangazia mama watoto kwamba ujana umerudi. Sikujua kuwa maumivu ya misuli hayana haraka. Huja taratibu, yakakolea kati ya siku ya kwanza na ya tatu.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Kushuka nilishuka, uzito ulinisaidia. Kupanda ndiko kulikokuwa na mgogoro. Nilipoita, mama watoto akaja hadi mlangoni, akauliza kwa utulivu, "Baba Asha, huo ujana umefika wapi?" Kisha akanipitishia fagio la mti mrefu, nikajikongoja nalo.

Ilipofika zamu ya mikono, kesho yake kwenye daladala mkono haukulifikia bomba. Konda alipodai nauli nikamwomba aichukue mwenyewe mfukoni mwangu. Alinitazama sana.

Na hiyo mashine ya kukimbilia, asili yake ni jela. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza, William Cubitt, alibuni gurudumu kubwa lenye ngazi zisizoisha, wafungwa wakawa wanalikanyaga kwa saa nyingi kila siku. Sheria ya mwaka 1898 ndiyo iliyokuja kuiondoa adhabu hiyo. Serikali ya Uingereza ya enzi zile, ambayo huruma haikuwa fani yake, iliona imezidi. Mimi nailipia. Siku moja umeme ukakatika katikati ya mbio. Mkanda ulisimama, mimi sikupewa taarifa. Binti wa mashine ya jirani akaja mbio kuniinua: "Pole anko, shikamoo." Mbavu zilipona. Ile shikamoo bado.

Kocha anasema ukivumilia siku 21 mwili unazoea. Watafiti wa University College London walipima muda wa kujenga mazoea, wakachapisha mwaka 2010: wastani ulikuwa siku 66, na kati ya mtu na mtu ilianzia 18 hadi 254. Waliongeza pia kwamba kukosa mara moja hakuharibu mazoea. Hapo ndipo nilipowaelewa vizuri zaidi. Nikakosa mara moja, kisha nikakosa tena ili kuhakikisha matokeo yao.

Aliyenitoa kitandani si kocha wala kioo. Ni mwenyekiti wa klabu ya jogingi ya mtaani. Jimu ukikosa, mwenye jimu hana neno: mashine inapumzika na pesa imeshaingia. Jogingi ukikosa, jina lako linabandikwa kwenye kundi la WhatsApp, na faini ni kuwanunulia wenzako supu. Ukijifanya hujaamka, mwenyekiti anagonga dirisha saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mama watoto anamfungulia mlango kwa furaha nisiyoielewa. Tunakimbia kwa nyimbo, fulana rangi moja, mwisho wa safari ni supu ya mbuzi na chapati mbili. Kitambi? Kipo, supu inakitunza. Lakini ngazi za ofisini hadi ghorofa ya nne sasa napanda bila kusimama katikati kujifanya napokea simu.

Kama bado unaitaka jimu, usilipe miezi mitatu. Lipia kwa siku, na uulize kwanza kama wana jenereta.