Eda ya Mgahawa

Pwani watu wamesifu mengi kwa mashairi: jahazi, nazi, mke mwema, hata paka. Sijasikia aliyeisifu bahasha ya kaki yenye nakala tatu tatu za kila kitu, ile inayobebwa kwapani na mtu aliyenunua biashara ya mwenzake na sasa anataka halmashauri imtambue. Mimi nimeibeba wiki saba. Naona nina haki ya kuisifu, na atakayecheka acheke, ila asije kuniuliza njia siku ikimfika.

Mgahawa niliununua Jumatano, kati ya adhuhuri na alasiri. Mzee mwenyewe alikuwa amechoka na moshi, magoti yanamuuma, anataka kurudi kwao akalime mihogo. Tukaandikiana kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari: meza 6, viti 24 (viwili vilemavu), jokofu moja, jiko la gesi, masufuria yote, "pamoja na biashara na jina lake". Kijana wa vocha wa jirani akawa shahidi. Nikahesabu pesa, mzee akanikabidhi funguo, akaniombea dua ndefu kuliko mkataba wenyewe. Alfajiri ya kesho yake nikabandika supu, nikijiona tajiri.

Ilipofika saa nne, supu ilipokwisha, nikasema niende halmashauri mara moja nikabadilishe jina. Nalisisitiza hilo "mara moja" kwa sababu ndilo lililonipeleka bila mwavuli na bila kunywa chai.

Dawatini nilimkuta mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na shida gani, mwanangu?"

"Nimenunua mgahawa, nataka kubadilisha jina tu."

Akanyoosha mkono, akaichukua karatasi yetu, akavaa miwani, akasoma mpaka kwenye saini, kisha akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine. "Meza naziona. Viti naviona, na vilemavu vimeandikwa, umefanya vizuri. Leseni iko wapi humu?"

"Leseni iko ukutani, mama."

"Ya ukutani ni ya mzee. Leseni haiendi na sufuria. Sasa umenunua nini?"

Wasomaji wangu, naomba mlitazame swali hilo kwa heshima. Mume wangu hakuniuliza. Shahidi hakuniuliza. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kilichonipa nusu ya pesa hizo, hakikuniuliza. Mtu wa kwanza duniani aliyetaka kujua nimenunua nini alikuwa mtumishi wa halmashauri, tena bila kulipwa chochote na mimi. Swali hilo nilitembea nalo wiki saba.

Nilianza kuelewa nilipoacha kufikiria duka na kufikiria ndoa. Mwanamke aliyeachwa haolewi kesho yake, hata mposaji awe na mahari mfukoni. Lazima talaka ithibiti, eda ikae, ijulikane kama yuko mtupu au amebeba kitu cha mume wa kwanza. Mgahawa wangu ulikuwa umetoka kwa mzee Jumatano, nami Alhamisi nimeshaingia chumbani. Halmashauri, kama kadhi mwenye busara, ilinitoa nje taratibu na kunikalisha kwenye benchi.

Na kweli ulikuwa umebeba kitu. Faili la mzee lilipotolewa kabatini, ikaonekana leseni ile ya ukutani ilikwisha muda miaka miwili iliyopita. Nilikuwa nimeitazama mara kumi! Lakini kwenye fremu yake, juu ya tarehe hasa, palitundikwa kalenda ya duka la rangi. Chini ya leseni palikuwa na madeni ya ushuru wa taka, na chini ya taka, ya bango. Nikampigia mzee, sauti ya jogoo ikisikika nyuma yake.

"Mzee wangu, kumbe leseni imekufa na madeni yapo?"

"Mwanangu," akanijibu kwa upole, "hayo si ndiyo yaliyonifanya niuze?"

Ni nani mwingine angenitolea ukweli huo kinywani mwa mzee yule? Polisi wangemtisha, mwanasheria angenilipisha. Faili lilifanya kazi hiyo kwa kufunguliwa tu. Madeni tukagawana: yeye alituma kwa simu kilichopatikana kwenye mihogo, mimi nikamalizia kwenye supu.

Ukuta wenyewe nao una mambo. Jirani na kalenda kulikuwa na kibali chenye jina la TFDA, mamlaka ambayo tangu Julai 2019 haishughuliki na chakula, maana kazi hiyo ilihamia shirika la viwango, TBS, na mamlaka yenyewe ikabaki na dawa na vifaa tiba, ikaitwa TMDA. Bwana Afya alipokuja kukagua, alisimama mbele ya kibali kile kwa muda, kama mtu aliyeona picha ya marehemu anayemfahamu. Nimekiacha palepale. Kinapendeza.

Huyo Bwana Afya ninamsifu kwa namna ya pekee. Alihesabu hatua kutoka jikoni hadi chooni, akainusa ndoo ya maji ya kunawa, kisha akatutaka mimi na wapishi wangu wawili tukapime afya. Vipimo vya watu wa chakula vinajulikana: pamoja na damu na mkojo, kuna kile choo cha kubeba kwenye kikopo. Wanawake watatu tulipanda bajaji moja asubuhi tumevaa kanga zetu safi, kila mmoja ameshika mkoba kwa mikono miwili na hakuna anayezungumza. Tangu siku ile hakuna mpishi wangu anayenificha jambo. Wakubwa wa makampuni hulipa watu kuja kuwajengea wafanyakazi umoja kwenye hoteli za ufukweni. Halmashauri ilitujengea sisi kwa vikopo vitatu.

Watu hudhani sheria ya mambo haya ni kero ya juzi. Sheria ya Leseni za Biashara ni Na. 25 ya mwaka 1972. Mwaka huohuo, kwa ule mpango wa madaraka mikoani, serikali ilianza kuzivunja halmashauri za wilaya zenyewe! Zikarudishwa kwa sheria za 1982, zikaanza kazi tena 1984. Leseni ilidumu miaka yote hiyo, ikawasubiri wenyewe warudi. Kitu chenye subira kiasi hicho kitashindwa kunisubiri mimi nikatoe nakala?

Maana nakala zilikuwa na mpangilio wake. Leseni inataka cheti cha mlipa kodi kwamba hudaiwi. Cheti kinataka namba ya mlipa kodi, yaani TIN, iwe na biashara hii na si ile niliyoifungua zamani nikiuza vitenge. TIN inataka mkataba wa pango. Mkataba wa pango unataka mwenye nyumba, na mwenye nyumba wangu hakutaka mkataba. Nilijua sababu baadaye: mkataba ukishafika mamlaka ya kodi, hulipiwa ushuru wa stempu, na mpangaji wa biashara ndiye anayeagizwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka serikalini kabla ya kumpa mwenye nyumba chake. Siku niliyomweleza hivyo, yule baba aliyekuwa akiniita "binti" alianza kuniita "mama". Nilipanda cheo bila kuzaa.

Jina la mgahawa, lile nililolilipia Jumatano, likanipeleka BRELA, wanakosajili majina ya biashara. Nilidhani nitahamishiwa. Nikatafuta kwenye mfumo wao, nikatafuta tena kwa tahajia tatu, halipo. Mzee aliliandika ubaoni kwa rangi nyekundu miaka mingi, akaliita lake, akaniuzia, na kumbe kisheria halikuwa la mtu yeyote. Nilinunua jina kwa mtu asiyekuwa nalo. Nikalisajili kwa ada ndogo kuliko niliyompa yeye, nikawa mmiliki wake wa kwanza.

Nisilisahau benchi. Lile la korido, la mbao, lililong'arishwa na makalio ya wafanyabiashara vizazi kwa vizazi. "Njoo kesho" ya kwanza ilinikasirisha. Ya tatu nilikwenda na kashata. Ya tano nilikuwa najua nani anauza mkaa mkavu, nani ana ng'ombe wa maziwa nyuma ya hospitali, na nani kati ya wavuvi hachanganyi samaki wa jana na wa leo. Muuza samaki wangu hadi sasa ni wa benchi lile. Alikuwa akifuatilia bucha aliyoinunua kwa shemeji yake, na kesi yake ilikuwa nzito kuliko yangu kwa sababu kwake mtu aliyeuza alikuwa akila chakula cha jioni nyumbani kwake kila siku.

Siku hizi, nitasikia mtu akisema, mambo yote yako kwenye simu. Ni kweli. Maombi ya leseni yanapita kwenye mfumo wa TAMISEMI unaoitwa TAUSI, na aliyeuita hivyo namsifu kwa kumjua ndege. Tausi ni mrembo, ana maringo, na akikutandazia mkia kila jicho lililomo linakutazama wewe. Jicho moja lilitaka namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA. Jingine likataka kiambatisho kisichozidi ukubwa fulani, na picha ya cheti changu ilikuwa imezidi. Kijana wa vocha, shahidi yuleyule, ndiye aliyenipunguzia. Mwishowe ikaja namba ya malipo, ile kontro namba, tarakimu 12, nikailipa nimesimama jikoni mkono mmoja ukikoroga uji.

Leseni nimeitundika mahali pa kalenda ya duka la rangi, tarehe ikionekana mpaka barabarani. Ina jina langu, la baba na la babu, TIN yangu, mtaa wangu na muhuri. Wateja hawaisomi. Bodaboda ukimwambia akulete hapa kwa jina lililosajiliwa atakuzungusha mji mzima. Mwambie "kwa Mzee" na atakufikisha kwa dakika tano. Watoto wa shule wanasema kwa Mzee. Imamu anaagiza chapati kutoka kwa Mzee. Mume wangu, juzi, kwenye simu: "Nipo hapa kwa Mzee." Katika mji wote huu ni ofisi moja tu inayojua kwamba hapa ni kwangu.