Sifa za Mashine Isiyokereza

Wapo wanaonihurumia. Jumapili wakitoka ibadani huchungulia karakana yangu, iliyokuwa banda la ng'ombe nyuma ya nyumba hapa Kibosho, wakanikuta nimelala chali chini ya mashine kuukuu ya kukereza vyuma. "Shikamoo mzee, imeshaanza?" Marahaba, bado. Huu ni mwaka wa saba najibu hivyo, na kila mwaka najibu kwa fahari zaidi, kwa maana sijaona chombo kilichoineemesha nyumba yangu kama hiki.

Tuanze na uchumi. Kabla haijaja, fedha za kahawa zilitawanyika ovyo: ada ya mtoto huku, mabati kule, mchango wa harusi ya mtu tusiyemjua sawasawa. Tangu kirikuu kiishushe, vijana wanane wakiiviringisha juu ya vipande vya bomba, fedha zimepata njia moja iliyonyooka. Mama watoto, aliyekuwa akikesha na daftari la matumizi, siku hizi halifungui kabisa. Huo ndio utulivu ambao wengine hulipia semina kuutafuta.

Matumizi yake ya umeme hayana mfano. Mota yake inataka umeme wa njia tatu, na nyumbani kwangu, kama kwa jirani zangu wote, ipo njia moja. Kwa hiyo katika miaka saba haijala hata uniti moja ya luku. Nitajie friji iliyowahi kumfanyia mwenyewe ihsani hiyo.

Kisha ipo kutu, ambayo watu huisema vibaya kwa kutoijua. Huku mlimani, ukungu wa Juni na Julai ukishuka, chuma hupoa usiku kucha. Asubuhi hewa yenye joto kidogo ikikigusa, huacha umande juu yake kama inavyouacha kwenye jani la mgomba. Jumamosi nasugua kitanda cha mashine kwa msasa na mafuta ya taa mpaka najiona sura. Jumatatu rangi ya chungwa imerudi, laini, imeenea sawasawa, kazi ambayo hakuna mpaka rangi wa mjini angeweza kuifanya kwa bei yoyote. Vipande vidogo navilaza kwenye beseni la kufulia, katika maji ya magadi soda, nikiunganisha waya za chaja ya betri: hasi kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye chuma chakavu kinachojitolea kuoza badala yake. Povu linachemka taratibu, harufu inafika sebuleni, na familia nzima inajua baba yupo.

Lakini utukufu wake hasa umo kwenye gia isiyokuwepo. Mashine hii ni ya Kiingereza, na skrubu yake ndefu imechongwa kwa inchi. Ukitaka ikukatie kwa usahihi kamili nyuzi za bolti za milimita, kama zilivyo bolti nyingi zinazouzwa leo, lazima upate gia yenye meno 127, kwa sababu inchi moja ni milimita 25.4, na inchi tano ni milimita 127 kamili. Nilijaribu kuikwepa. Nilimpa kijana wangu wa kidato cha pili kalamu, akatafuta gia ndogo zaidi itakayotoa jibu lilelile, akarudi ameinamisha kichwa: 127 ni namba tasa, haigawanyiki. Hapo nikaielewa tabia ya mashine yangu. Haikubali mbadala! Kipande kingine chochote duniani kina ndugu yake. Hiki kinataka chenyewe au tungoje. Tunangoja.

Wala haina uchoyo. Nati ya shaba inayosukuma kisu ilikuwa imelika, mpini ukizunguka nusu duara nzima kabla kisu hakijashtuka, nafasi ya kutosha mtu kujiuliza kama kweli anataka kukata. Kutengeneza nati mpya kunahitaji mashine ya kukereza. Ninayo, ila haikerezi mpaka ipate nati. Basi niliteremka Majengo kwa fundi mwenye mashine inayofanya kazi, akanichongea kwa dakika arobaini. Tangu hapo nimempelekea pia bushi, pini mbili na mhimili mdogo. Mtoto wake amemaliza chuo. Chombo kinachosomesha mtoto wa jirani bila kuwashwa, utakiitaje mzigo?

Nawahurumia wahunzi wa Mamba, kule njia ya Marangu, wanaofua kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi kama babu zao. Wanaanza kisu asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana kisu kimekwisha, kimeuzwa. Jioni hawana cha kuwazia.

Nawe msomaji usijifiche. Najua unayo yako, chini ya turubai stoo, au kwa mjomba uliyemwambia ni kwa wiki mbili tu. Najua bolti tatu zilizobaki ulipoifunga tena, ulizozitia kwenye kopo la maziwa bila kumwambia mtu. Desemba, ukoo mzima ukipanda mlimani kutoka Dar es Salaam na Arusha, huwa unawahi kufunga mlango wa karakana kabla shemeji hajauliza. Uache wazi. Wageni wa mwaka jana nilikaa nao humu saa tatu, mbege ikizunguka, kila mmoja akazungusha ufunguo kwa mkono, na taya tatu za kushikia chuma zikafunguka na kufumba taratibu mbele ya macho yao bila kushika kitu.

Jumamosi hii kirikuu kinaleta ya pili, ya aina ileile, kutoka karakana ya shamba moja la zamani la kahawa. Haina mota wala mkia. Itatoa vipuri kwa ya kwanza, au ya kwanza itatoa kwa ya pili. Tutaona zikishakaa pamoja. Mama watoto ameshatoa kitanda cha wageni nje, na begi lake pia.